Nani anausukuma mguu wa kinesini?

Swali: "Ninafundisha baiolojia kidato cha tano na sita. Kitabu chetu kinasema protini iitwayo kinesini hutumia nishati ya ATP kutembea ndani ya seli. Mwanafunzi mmoja akaniuliza: ATP ikishavunjwa, nishati hiyo inaufikiaje mguu, na kwa nini mguu uende mbele tu usirudi nyuma? Nilimjibu kwamba kifungo cha fosfati kikikatika hutoa nguvu inayousukuma mguu. Hakuridhika, na kwa kweli hata mimi sikuridhika. Naomba msaada."

Jibu:

Mwalimu, mwanafunzi huyo ana haki ya kutoridhika, na umefanya vyema kulileta swali lake. Limewashughulisha wanabiofizikia kwa zaidi ya nusu karne. Nianze na jibu lenyewe: ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli, haiusukumi mguu. Mguu husogezwa na mtikisiko wa maji yanayouzunguka, mtikisiko usiokoma na usiochagua upande. ATP hupanga zamu: mguu upi ushike, upi uachie, na lini. Na kwa kuwa ATP imejaa kwenye seli kupita kiasi cha kawaida cha kikemia, zamu hizo hazirudi kinyumenyume.

Kifungo cha fosfati kwanza, maana hapo ndipo vitabu vingi vinapotuchanganya. Kukata kifungo chochote cha kemikali hugharimu nishati. Hakuna kifungo kinachotoa nishati kwa kukatwa. Hidrolisisi ya ATP, yaani kuvunjwa kwake kwa maji, hutoa nishati kwa sababu vile vinavyopatikana mwishoni, yaani ADP na fosfati, vimetulia zaidi kuliko ATP na maji vilivyoanza: chaji hasi zilizokuwa zimebanana zimeachana, na maji yamezizunguka vizuri zaidi. Hiyo ni nusu tu ya habari. Katika hali sanifu ya maabara, hidrolisisi hiyo hutoa kilojuli 30.5 kwa moli. Ndani ya seli hai hutoa karibu kilojuli 50 kwa moli, na kifungo ni kilekile! Ziada hiyo inatokana na kiasi. Seli hujaza ATP na kupunguza ADP bila kuchoka, hadi uwiano wao unakaa mbali na msawazo, yaani hali ambapo kuvunjwa na kutengenezwa kwa ATP vinalingana, kwa zaidi ya mara milioni mia moja. Ukiziacha ATP, ADP na fosfati zifikie msawazo wake, ATP chache zitakazobaki zitakuwa na vifungo vilevile, na kimeng'enya bado kitazivunja, lakini hazitaendesha kitu chochote. Kwa hiyo nishati tunayoizungumzia haikai ndani ya kifungo. Iko katika umbali uliopo kati ya hali ya seli na msawazo.

Sasa tushuke hadi kwenye ukubwa wa kinesini yenyewe. Urefu wake wote ni kama nanomita 80, na kila mguu hauzidi nanomita 10. Kitu kidogo namna hiyo hupigwa na molekuli za maji kutoka kila upande, bila kupumzika. Nguvu ya vipigo hivyo tunaweza kuipima: kwa joto la mwili, nishati ya mtikisiko wa joto ni kama pikonyutoni-nanomita 4.3 (kani mara umbali, kwa vipimo vya ukubwa wa molekuli). Molekuli moja ya ATP ndani ya seli hutoa takriban 83 kwa kipimo hichohicho, yaani kama mara 20 tu ya mtikisiko huo. Lori barabarani halijui kuwa hewa inaligonga. Kinesini haina anasa hiyo.

Halafu kuna jambo la inesha, yaani tabia ya kitu kinachokwenda kuendelea kwenda chenyewe. Mwaka 1976 mwanafizikia Edward Purcell alitoa mhadhara maarufu kuhusu maisha ya viumbe vidogo majini. Alionyesha kwamba bakteria anayeogelea akiacha kupiga mkia wake, husimama kabla hajasogea hata upana wa atomu moja. Mnato wa maji humeza mwendo wote papo hapo. Kinesini ni ndogo zaidi ya bakteria. Hata tukiwazia kwamba ATP ikivunjika inampa mguu teke, teke hilo lingekufa pale pale, na joto lake lingesambaa majini kabla mguu haujafika popote. Nanomita 16 ni safari ndefu mno kuendeshwa kwa teke. Hapa ndipo jibu la msukumo linapoanguka, na ndiyo maana mwanafunzi wako alihisi kuna kitu hakikai sawa.

Je, mtikisiko usiochagua upande unazaaje mwendo wa upande mmoja? Fikiria dema la mvuvi. Samaki anazurura bila nia. Mdomo wa dema umefumwa kwa namna ambayo kuingia ni rahisi na kutoka ni shida. Baada ya muda dema limejaa, na hakuna aliyemsukuma samaki hata mmoja. Watu wengi wakifika hapa huona wamelimaliza suala, kumbe bado. Dema la mvuvi hufanya kazi kwa sababu fito zake hazitikisiki. Tengeneza dema la ukubwa wa protini, na fito zake zitapigwa na maji yaleyale yanayompiga samaki: mdomo utafunguka na kujifunga wenyewe, na samaki watatoka sawasawa na wanavyoingia. Mwanafizikia Marian Smoluchowski aliliona tatizo hili mwaka 1912, na mwenzake wa baadaye Richard Feynman akalifafanua tena katika mihadhara yake ya miaka ya 1960: umbo lenye upande, peke yake, haliwezi kuvuna mwendo kutoka kwenye joto ambalo ni sawa kila mahali. Lazima kuwe na kitu cha nje kinachoufungua na kuufunga mdomo wa dema kwa wakati wake, na kitu hicho lazima kilipiwe. Kwa kinesini, mlipaji ni ATP.

Tuitazame hatua moja ya kinesini. Njia yake ni mikrotubuli, bomba la protini lenye kipenyo cha nanomita 25, lililojengwa kwa vipande vya tubulini vinavyofuatana kila baada ya nanomita 8. Vipande vyote vimelala kuelekea upande mmoja, kwa hiyo njia ina ncha mbili zisizofanana. Tunaziita ncha chanya na ncha hasi. Kinesini ina miguu miwili, na kila mguu umeungwa na mwili kwa kipande kifupi chenye kunyumbulika, nitakachokiita shingo.

Anza pale ambapo mguu mmoja umeshika njia na hauna chochote kwenye mfuko wake wa ATP. Mguu wa pili unaning'inia, umebeba ADP, na ukiwa na ADP hauwezi kushika njia kwa nguvu. Unarushwarushwa na maji huku na huku. ATP inaingia kwenye mfuko wa mguu ulioshika. Kuingia kwake tu, kabla haijavunjwa, kunabadilisha umbo la mguu huo kiasi kwamba shingo yake inajibandika ubavuni ikielekea ncha chanya. Sasa mguu unaoning'inia umefungiwa mbele. Bado unarushwa ovyo, lakini eneo lake la kuzurura limehama, na mahali pa kushika palipo karibu nao ni pale pa mbele, nanomita 16 kutoka ulipokuwa. Unapapasa, unapapata, unashika. Ukishika, unaitema ADP yake, na hapo mshiko unakuwa imara.

Kufikia hapo miguu yote miwili imeshika, mmoja mbele na mmoja nyuma, na shingo zao zinavutana. Mvutano huu una kazi kubwa kuliko unavyodhaniwa. Shingo ya mguu wa mbele imevutwa kinyumenyume, na ikiwa hivyo mguu huo haupokei ATP kwa urahisi, unasubiri. Mguu wa nyuma ndio unaovunja ATP yake, kutoa fosfati, kulegea na kuachia njia. Ukiachia, mvutano unaisha, mguu wa mbele unapokea ATP, na zamu inaanza upya. Kama mguu wa mbele ungekuwa na uhuru wa kuachia wakati wowote, kinesini ingecheza hapohapo hadi idondoke. Katika simulizi lote hili hakuna mahali ambapo kuvunjika kwa ATP kumeusukuma mguu. Kumeufanya mguu wa nyuma uachie.

Mambo haya yamepimwa. Kinesini iligunduliwa mwaka 1985 na Ronald Vale, Thomas Reese na Michael Sheetz, walipokuwa wakichunguza neva nene ya ngisi kule Woods Hole, Marekani. Mwaka 1993 kundi la Steven Block liliishika kwa mwale wa leza na kuona mwili wake unasogea nanomita 8 kwa kila hatua, nusu ya safari ya mguu. Mwaka 2004 Ahmet Yildiz na wenzake walibandika rangi ing'aayo kwenye mguu mmoja tu, wakaona mguu huo unaruka kama nanomita 17, kisha unatulia huku mwenzake akipita, kisha unaruka tena. Kila hatua hutumia ATP moja, na kinesini moja huweza kuchukua hatua kama 100 kwa sekunde bila kuachia njia.

Kuna kipimo kingine ninachokipenda zaidi, kwa sababu kinagusa moja kwa moja jibu ulilompa mwanafunzi. Watafiti walipima nishati ya kule kujibandika kwa shingo, tukio pekee katika mzunguko linalofanana na msukumo. Wakakuta ni ndogo sana, haizidi sana mtikisiko wa joto wenyewe. Lakini kinesini inaweza kuvuta mzigo wenye kani ya pikonyutoni 6, na 6 mara nanomita 8 ni 48. Shingo haiwezi kulipa kazi hiyo kutoka mfukoni mwake. Sehemu kubwa ya mwendo wa mbele hutoka kwenye mtikisiko uliokamatwa kwa wakati wake, na gharama ya kuukamata ndiyo inayolipwa na ATP.

Mwanafunzi aliuliza nishati inaufikiaje mguu. Kama haiusukumi, basi huenda wapi hasa? Kinesini ikivuta mzigo wa pikonyutoni 6, kazi ya 48 kati ya 83 ni zaidi ya nusu. Injini ya gari haifiki huko. Lakini kifuko cha kawaida, yaani mzigo ambao kinesini hubeba ndani ya seli, hakileti upinzani mkubwa hivyo majini. Kifuko chenye kipenyo cha nanomita 100, kikienda mikromita moja kwa sekunde katika maji, hupingwa na kani ya karibu sehemu moja tu kati ya elfu ya pikonyutoni moja. Ndani ya seli ni kuzito zaidi, ila hesabu haibadiliki sana: mara nyingi karibu nishati yote ya ATP huishia kuwa joto. Kinachonunuliwa kwa gharama hiyo ni uhakika wa upande. Kinesini isiyo na mzigo hupiga hatua mia kadhaa mbele kwa kila moja ya nyuma.

Usione ni ubadhirifu. Neva inayotoka uti wa mgongo hadi kidole cha mguu ina urefu wa karibu mita moja, na protini nyingi za kule mwisho hutengenezwa huku mwanzo. Ukikiacha kifuko kile cha nanomita 100 kisambae chenyewe majini kwa mtikisiko tu, kitahitaji zaidi ya miaka 3,000 kumaliza mita hiyo. Kwa usafirishaji wa haraka wa neva, unaofikia milimita 200 hadi 400 kwa siku, ni siku tatu hadi tano. Virusi vya kichaa cha mbwa hutumia barabara hiyohiyo kwa upande wa pili: huingia kwenye ncha za neva karibu na jeraha na kubebwa kuelekea ubongoni na dainini, mota nyingine (protini inayotembea kama kinesini) inayokwenda ncha hasi. Umbali huo ndio unaowapa madaktari nafasi ya kuwahi, na ndiyo maana mtu aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni mara moja na akachanjwe siku hiyohiyo, asingoje dalili.

Kwa darasa lako nadhani misuli ni mfano mzuri zaidi kuliko kinesini, kwa sababu ushahidi wake kila mtu ameuona. Miosini, mota ya misuli, hushika uzi wa protini uitwao aktini, huuvuta, huachia. Watafiti Lymn na Taylor walionyesha mwaka 1971 kwamba ATP inapoingia kwenye miosini, jambo la kwanza linalotokea ni miosini kuachia aktini. Waulize wanafunzi wako: kama ATP ndiyo inayosukuma, basi ATP ikiisha misuli inapaswa kulegea. Je, hulegea? Kila aliyewahi kuosha maiti au kuchinja ng'ombe anajua jibu. Saa chache baada ya kufa mwili hukakamaa, kwa sababu ATP imekwisha na miosini zimekwama kwenye aktini, hazina cha kuziachisha. Mwili hulegea tena baadaye, protini zenyewe zinapoanza kuharibika.

Ni kweli kwamba katika miosini kuna mkono unaozunguka, nanomita kadhaa, fosfati inapotoka, na wataalamu wengi huita huo ndio msukumo. Siwapingi, mkono huo una mchango halisi katika kani na kasi, mkubwa kuliko wa shingo ya kinesini. Ninachopinga ni kuufanya chanzo cha upande wa mwendo. Mkono unaweza kuzunguka na kurudi bila kupeleka kitu popote, kama utarudi ungali umeshika. Mwendo hupatikana kwa sababu unazunguka ukiwa umeshika na kurudi ukiwa umeachia, na utaratibu huo wa kushika na kuachia ndio unaotegemea ATP. Mtafiti wa misuli Andrew Huxley aliandika wazo la aina hii mwaka 1957: katika hesabu zake, kichwa cha miosini kinatikiswa na joto, kinashika kwa wepesi upande mmoja na kuachia kwa wepesi upande mwingine.

Sasa nusu ya pili ya swali: kwa nini mbele, isiwe nyuma? Kwa kemia pekee hakuna jibu, kwa kuwa ATP haijui mbele wala nyuma. Yuko ndugu wa kinesini katika nzi wa matunda, aitwaye Ncd. Anakanyaga mikrotubuli ileile, anavunja ATP ileile, mguu wake umefanana sana na wa kinesini, lakini anakwenda ncha hasi. Tofauti iko shingoni, na watafiti waliobadilisha sehemu hiyo waliweza kugeuza mwelekeo wa mota. Miosini ya aina ya sita nayo hutembea kinyume na miosini nyingine zinazojulikana. Kwa hiyo umbo ndilo linaloamua ni upande upi, na ATP iliyo mbali na msawazo ndiyo inayoamua kama kutakuwa na upande kabisa. Ondoa la kwanza, mota itahangaika bila mwelekeo huku ikila ATP. Ondoa la pili, shingo na njia vyote viko sawa, lakini hatua za nyuma zitakuwa nyingi sawa na za mbele, na kifuko hakitafika.

Mwanafunzi makini atauliza pia: tukiivuta kinesini kinyumenyume kwa nguvu, je, itatengeneza ATP? Jaribio lilifanywa na watafiti Carter na Cross, waliochapisha matokeo mwaka 2005. Walipoivuta kwa kani kubwa kuliko inayoweza kuihimili, ilirudi nyuma hatua kwa hatua, na hatua hizo za nyuma nazo zilihitaji ATP. Yaani hatua ya nyuma ya kinesini si ile ya mbele iliyogeuzwa. Ni njia nyingine kabisa ya kutumia zamu zilezile.

Mota nyingine hujibu tofauti, na hiyo ndiyo inayotuonyesha nani anaisukuma seli mbali na msawazo. Ndani ya mitokondria kuna kimeng'enya kinachotengeneza ATP, na sehemu yake iitwayo F1 ni mota ya mzunguko. Mwaka 1997 Hiroyuki Noji na wenzake huko Japani walibandika uzi wa aktini unaong'aa kwenye mhimili wake, wakaupa ATP, wakauona kwa hadubini ukizunguka upande mmoja. Huzunguka nyuzi 120 kwa kila ATP, ikipoteza kidogo mno. Mwaka 2004 watafiti wa Japani walibandika ushanga wa sumaku kwenye mhimili huohuo, wakauzungusha kinyume kwa mkono wa sumaku, na ATP ikatengenezwa kutoka kwa ADP na fosfati. Hivyo ndivyo mitokondria zako zinavyofanya unaposoma maneno haya, isipokuwa badala ya sumaku kuna protoni zinazopita kwenye utando. Mtu aliyepumzika hupitisha takriban kilo 40 za ATP kwa siku, ilhali mwilini mwake kwa wakati wowote haizidi sana gramu 100. Kila molekuli huvunjwa na kutengenezwa upya mamia ya mara kabla ya kesho yake asubuhi.